Rimu za Subaru Legacy wagoni (BP): inchi 16 za Forester zinashinda 18 za urembo

Legacy wagoni ya mwaka 2003 hadi 2009, ile yenye kodi ya BP, haiingizwi tena Kenya kwa sababu ya sheria inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kila inayouzwa sasa imeshapita mikono kadhaa, na mara nyingi rimu ilizovaa si zile ilizotoka nazo kiwandani. Kabla ya kununua seti nyingine, soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ya turbo, yaani GT, ilitoka na tairi za 215/45R17 (upana kwa milimita, ubavu kwa asilimia ya upana, kisha inchi za rimu) juu ya rimu ya 17x7, yaani kipenyo na upana kwa inchi, yenye ofseti 55 (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu), na hicho ndicho kipimo cha kulinganishia hapa.

Tairi hiyo ina ubavu wa milimita 97 tu. Kwenye lami safi ni tamu sana, usukani unajibu papo hapo. Kwenye mashimo inayopigwa ni rimu, tena hupinda mdomo wa ndani ambako jicho halifiki, na mwenye gari huanza kuhangaika na balansi isiyokaa.

Kwa Legacy isiyo na turbo, dawa ni rimu za Subaru Forester yenye kodi ya SG au SH: 16x6.5, ofseti 48. Ni ndugu wa damu. Stadi tano kwenye PCD (kipenyo cha duara la stadi) ya milimita 100, tundu la kati 56.1, nati za 12x1.25 (unene wa stadi na nafasi kati ya nyuzi), hakuna cha kuchonga wala kuongeza. Ukipiga hesabu, mdomo wa nje unakaa karibu palepale pa rimu ya kiwandani, haufiki hata milimita moja nje zaidi, na upande wa ndani unapata nafasi ya milimita 13 kutoka kwenye shokomzoba. Vika 205/55R16. Ubavu unapanda hadi milimita 113 na kipenyo kinatoka 625 kwenda 632, tofauti ya asilimia 1 ambayo mshale wa spidi hauisikii. Anayeishi kwenye barabara ya vumbi achukue 215/55R16: ubavu 118, kipenyo 643. Mshale ukionyesha 100 utakuwa unakwenda kama 103 ukilinganisha na zamani.

Ishia hapo. Wauzaji watakuambia uweke 215/60R16 kwa kuwa ndiyo saizi ya Forester yenyewe. Kipenyo chake ni 664, na kwenye Legacy tairi ya mbele inapanda karibu mno na sahani ya springi, ile inayokalia springi kwenye shokomzoba. Pima kwa kidole: kisipopita kwa urahisi kati ya tairi na sahani, tairi hiyo si ya gari hilo.

Mwenye GT ajihadhari. Nyingi zina diski za mbele za milimita 316, na rimu nyingi za inchi 16 hugonga kalipa, kile kifaa kinachobana diski ya breki. Jaribu rimu tupu kwanza, kabla ya kuvika tairi, kaza nati mbili tatu kisha uzungushe kwa mkono mzunguko mzima. Ikigusa, baki na 17 zako na uongeze ubavu kwa 215/50R17, kipenyo 647. Si laini kama ya 16, lakini rimu itapumua.

Zile 18x8 zenye ofseti 35 zinazong'aa madukani hazistahili pesa yako. Zinatoka nje milimita 33 zaidi ya rimu ya kiwandani. Gari likibeba watu watano na mizigo, madigadi ya nyuma yanakwangua tairi, na beringi za magurudumu zinabeba mzigo ambao hazikuundiwa. Tairi ya 225/40R18 ina ubavu wa milimita 90, chini hata ya ile unayoikimbia.

Rimu za Toyota Wish au Caldina nazo ni 5x100, ndiyo maana hudanganya wengi. Tundu lao la kati ni 54.1, na habu ya Subaru ni 56.1. Rimu haikai bapa mpaka ichongwe kwenye leithi, na fundi akiilazimisha kwa kukaza nati, stadi ndizo zinazolipa. Nati za Toyota ni 12x1.5: zinaingia mizunguko miwili mitatu, kisha zinakata nyuzi. Za Nissan zinaingia sawasawa. Rimu za Golf ya nne (5x100, tundu 57.1) zinahitaji ringi ya katikati, na kikalio cha nati ni cha mviringo, wakati nati za Subaru zina ncha ya pia. Zitalegea.

Ukinunua rimu za mtumba, omba zizungushwe kwenye mashine ya balansi zikiwa tupu, macho yako yakiwa kwenye mdomo wa ndani. Alama ya kuchomelewa hapo inatosha kukurudisha nyumbani. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya uzito isishuke chini ya 91, ambayo ni kilo 615 kwa tairi. Zipo za 87, kilo 545, lakini kwa wagoni inayojazwa hadi dirishani 91 ni salama zaidi.

Jambo ambalo mafundi wa pancha hulipuuza zaidi ni kwamba gari hili linasukuma magurudumu yote manne. Tairi mpya yenye mifereji ya kina cha milimita 8 ikiwekwa pamoja na iliyobaki na 4, mzunguko unatofautiana kwa milimita 25, na Subaru inaruhusu kama 6 tu. Giaboksi inakuwa inapatanisha tofauti hiyo muda wote. Dalili ni gari kukakamaa kwenye kona kali ya maegesho, kama breki ya mkono imeshikwa. Basi nunua nne za aina moja, na moja ikipasuka tafuta ya mtumba ya aina ileile yenye kina kinachokaribiana.

Siku ya kufunga, sugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya, maana uchafu kidogo hapo hutikisa usukani ukifika 80 au 100. Anza nati zote kwa vidole, kaza kwa mtindo wa nyota, malizia kwa spana ya torki kwenye Nm 100. Mashine ya upepo isimalizie kazi. Rudia kukaza baada ya kilomita 100.