Uzoefu wangu: Kumpelekea fundi wa silaha bastola yangu ya kwanza, 1911 ya bei nafuu

Bastola yangu ya kwanza niliinunua hapa Columbus, Ohio, kwa dola 450. Ni nakala ya bei nafuu ya 1911, ile iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka wa 1911, ambao ndio ulioipa jina. Niliitaka kwa ajili ya kulenga shabaha tu, na kila Jumamosi nilikwenda nayo kwenye uwanja wa ndani. Baada ya miezi mitatu mambo matatu yalikuwa yamenichosha. Alama ya mbele ya kulengea ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, na macho yangu ya miaka 46 hayakuipata kwenye mwanga hafifu. Triga ilikuwa nzito, tena ilikwaruza kabla ya kuachia. Kisha kulikuwa na nyundo, kile kipande cha nyuma kinachogonga ili risasi ifyatuke, ambayo kila slaidi (sehemu ya juu ya bastola) iliporudi nyuma ilinibana ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, hata nikawa narudi nyumbani na plasta mkononi.

Hilo la nyundo ni ugonjwa wa zamani wa bastola za umbo hili. Jeshi lenyewe lilirefusha mkia wa loki ya mpini, kile kifaa cha usalama nyuma ya mpini ambacho mkia wake huukinga mkono dhidi ya nyundo, lilipotoa toleo lililoboreshwa, M1911A1, katika miaka ya 1920, na hata hivyo wenye viganja vinene kama mimi bado wanang'atwa. Kwa hiyo nilitafuta fundi wa silaha mwenye leseni ya serikali kuu, nikampata mzee mmoja ambaye karakana yake iko nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya mji.

Namna alivyoipokea ndiyo iliyonifanya nimwamini. Nilikuwa nimeileta ikiwa tupu ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, na nilimwambia hivyo, lakini yeye alichomoa magazini, yaani kibweta cha risasi, akavuta slaidi, akachungulia chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, akatia ncha ya kidole kidogo humo ndani, kisha akanigeuzia ili nami nitazame kwa macho yangu. Baada ya hapo aliandika kwenye daftari lake aina ya silaha, namba yake, jina langu na anwani yangu, kwa sababu fundi mwenye leseni anapaswa kuweka kumbukumbu ya kila silaha inayolala kwake. Alinieleza pia kwamba, kwa kuwa angeirudisha kwangu mimi niliyeileta, nisingehitaji kujaza tena fomu 4473, ile ya serikali kuu ya mnunuzi wa silaha, niliyoijaza siku ya kununua.

Nilikuwa na orodha ya kazi sita, naye akafuta tatu. Nilitaka asugue njia ambayo risasi hupitia kuingia chemba, maana risasi zenye ncha ya shimo zilikuwa zikikwama mara kwa mara. Bastola hii ilibuniwa kwa risasi za kijeshi zenye ncha ya mviringo, nami nilikuwa nimesadiki kwamba kosa liko hapo. Badala ya kukubali kazi, alifungua mtoto wa meza, akatoa magazini yake mwenyewe, akaijaza risasi nane za mazoezi zisizo na baruti, akavuta slaidi mara nane mbele yangu. Zote ziliingia. "Tatizo lako ni midomo ya magazini, hapo juu risasi zinapotokea," akasema. "Nunua mbili nzuri, usinilipe mimi kusugua chuma kisicho na kosa." Nilinunua mbili kwa dola 70, na tangu hapo nimepiga risasi zaidi ya 600, zikakwama mara mbili tu.

Kuhusu triga tulibishana kidogo. Mimi nilitaka uzito wa kuivuta ushuke hadi pauni 3, kama nilivyosikia kwa wapiga shabaha wa mashindano, naye akakataa katakata, akisema kwamba mtu ambaye bado anajifunza hastahili triga inayoachia kabla hajaamua. Tulikubaliana pauni 4 na nusu. Siku ya kuichukua aliipima kwa mizani ya chemchemi nikiona: awali ilikuwa pauni 7, sasa sindano ilisimama pale pale tulipokubaliana. Ule mkwaruzo umekwisha kabisa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa ya alama za kulengea, kwa sababu alama ya mbele ya aina hii ya zamani imegongelewa kwenye tundu dogo la slaidi, na ili kuweka nyingine kubwa ilimbidi achonge mfereji kwa mashine. Hiyo ilinigharimu dola 230 pamoja na vifaa. Mkia mpya wa loki, ambao ulihitaji kupunguzwa kwa fremu, yaani mwili wa bastola, hadi kiungo kisionekane wala kuhisika kwa ukucha, ulikuwa dola 165, na triga dola 120. Jumla ni dola 515, yaani kazi imeizidi bastola yenyewe, na najua kwamba nikiiuza kesho hakuna atakayenirudishia fedha hizo. Fundi alinionya kabla ya kuanza kwamba kwa jumla hiyo ningeweza kununua 1911 iliyotoka kiwandani ikiwa na vitu hivi vyote. Nilichagua kuendelea kwa sababu mpini huu umeshazoeana na mkono wangu, na sijutii.

Yako mawili yaliyoniudhi. Aliniahidi wiki 4, ikawa wiki 11, na katika muda huo wote hakunipigia simu hata mara moja. Kila taarifa niliipata kwa kumtafuta mimi. Pili, mkia mpya ni mweusi unaong'aa ilhali fremu ni ya kijivu kilichofifia, na hakunieleza mapema kwamba rangi zisingelingana au kwamba kuzilinganisha kungekuwa na malipo ya ziada. Kwa mtu anayemlipa fundi ili silaha yake ipendeze pia, hilo lilipaswa kusemwa mezani siku ya kwanza.

Vipuri vya zamani alinirudishia vyote ndani ya mfuko mdogo wa nailoni, kila kimoja na kikaratasi chake, nami nimeviweka katika sefu pamoja na stakabadhi. Plasta sijazihitaji tena. Mwezi ujao nitampelekea abadilishe vibao vya mpini viwe vya mbao, na safari hii nitamwomba aniandikie tarehe ya kumaliza kwenye karatasi kabla sijamwachia bastola.