Foili ya chini ya mabati kwa nyumba za safu: inafaa, mradi ipate nafasi ya hewa

Nyumba za chini zilizobanana huwa na kuta za pembeni zilizounganishwa na za jirani au zilizofunikwa na kivuli chake. Sehemu kubwa ya joto la mchana basi huingilia paani. Ndiyo maana foili ya kuakisi joto, ile inayouzwa kwa roli na kutandazwa chini ya mabati, ina faida kubwa zaidi hapa kuliko kwenye nyumba iliyosimama peke yake uwanjani.

Chukua bati lililopata moto hadi nyuzi 65 za Selsiasi na dari yenye nyuzi 35. Kwa hesabu ya mionzi peke yake, dari hiyo hupokea karibu wati 190 kwa kila mita ya mraba. Uso safi wa alumini hutoa takribani asilimia 5 tu ya mionzi ambayo uso mweusi ungetoa, hivyo foili ikikaa katikati wati hizo hushuka hadi 12 hivi. Ni kazi nzuri mno kwa kitu chembamba namna hiyo.

Sharti lake ni hewa, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Foili iliyobanwa kati ya bati na ubao wa dari bila nafasi ya hewa haiakisi chochote. Hupitisha joto kwa kugusana. Acha angalau milimita 25 chini ya uso unaong'aa. Kama ni upande mmoja tu unaong'aa, uelekeze chini: vumbi likitua juu ya uso huo, mng'ao hupungua na faida huondoka nao.

Anza kutandaza upande wa mfereji wa maji ukipanda juu, roli ya juu ilalie ya chini kwa milimita 150, ili matone yanayojikusanya chini ya bati usiku yateremke hadi nje. Iache ilegee kama milimita 40 kati ya papi (mbao zinazoshikilia bati). Roli ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 40 hubakiza mita za mraba 42 baada ya mlalio. Paa la mita za mraba 36 linatosheka na vipande vya kingo vinapatikana. Kwenye kofia ya paa, kileleni, acha mwanya wa milimita 50, pamoja na matundu kwenye vipenu, yaani kingo za chini za paa. Penye msongamano upepo ni hafifu, kwa hiyo hewa moto inahitaji njia ya kupanda yenyewe.

Zima umeme wa nyumba nzima kabla ya kupanda. Pini ya chuma ikitoboa waya, paa lote la foili hubeba umeme. Australia ilisimamisha foili katika mpango wake wa serikali wa kuzuia joto majumbani Februari 2010 baada ya vifo vya namna hiyo.

Foili yenye viputo vya plastiki hatuipendekezi, kwa sababu unene wake ni mdogo. Milimita 4 za viputo haziwezi kulingana na milimita 100 za sufi ya kioo (nyuzi za kioo za kuzuia joto), hata wauzaji wakisema vipi. Ukiinyanyua foili mbele ya taa kali na mwanga ukapenya, hiyo ni plastiki iliyopakwa chuma kidogo, iache.

Rangi nyeupe juu ya bati huzuia joto mapema zaidi, ila huchafuka, na huwamulikia majirani wa ghorofa ya juu machoni. Foili haimsumbui mtu. Kasoro yake ni usiku: bati hupoa haraka, lakini foili huzuia chumba kupoa kupitia paa, kwa hiyo madirisha mawili yanayotazamana ni lazima.

Usiivushe kamwe juu ya ukuta wa pamoja. Ikate hapo, ukuta ufike hadi chini ya bati, na upenyo uzibwe kwa saruji, maana moto ukipata njia ya darini hukimbia safu nzima. Alumini isiguse saruji mbichi; huliwa. Kata sentimita chache kabla ya ukuta.