Kibao cha UPS cha Raspberry Pi, nimekitumia miezi minne hapa Wete

Haya jamani nilisema ntaandika nikishakizoea, ndo naandika. Ni kibao kinachokaa chini ya Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, kinaipa umeme wa betri umeme wa ukutani ukikatika (ndo maana ya UPS), na kinabeba betri mbili za 18650, zile za lithiamu za duara zinazochajiwa, nimekinunua Darajani elfu 85 bila ya betri.

Hapa skuli tuna maktaba ya Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia na vitabu vilivyohifadhiwa, ndani ya Pi 4, watoto wanasoma kwa Wi-Fi bila ya intaneti, na umeme wetu mnaujua, unakwenda bila hodi, mwaka jana memori kadi tatu zimekufa. Ile ya tatu nachomeka skrini naona "Kernel panic", yaani mfumo umekwama hauwezi kuendelea, na huku watoto arubaini wameshika tableti wananitazama mimi tu. Niliumia sana siku ile.

Sasa kibao. Umeme ukikatika Pi haishtuki hata kidogo, inaendelea saa tatu na kitu. Lakini lazima uweke kiprogramu cha kuangalia chaji, mimi ikifika asilimia 20 Pi inajizima yenyewe kwa utaratibu, usipoweka basi betri itaisha na itakata ghafla vilevile, na ndani ya boksi hamna hata karatasi ya kukwambia hayo. Kitu nisichokipenda, umeme ukirudi Pi ikiwa ishazima haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe.

Ila kilichoniokoa zaidi sio betri. Ext4, mfumo wa kupangia mafaili kwenye kadi, ina jono yake, yaani daftari la kuandika mabadiliko kabla ya kuyafanya, inalinda mpangilio wa mafaili, lakini kadi yenyewe ndani kwa ndani inahamisha data kutoka bloku hii kwenda nyengine, umeme ukikatika wakati huo hata faili ambalo hukuligusa linaweza kuharibika. Kwa hivyo nimeingia raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, nikawasha Overlay File System, kila kinachoandikwa kinakaa kwenye RAM, memori ya muda inayofutika Pi ikizima, na kadi inasomwa tu. Alama za watoto nimezitenga kwenye flashi mbali. Ukitaka kubadilisha kitu zima overlay kwanza, usisahau, mimi nimepoteza kazi ya siku nzima.

Nyota nne. Kama huna hela anza na overlay, hailipiwi, kibao kitafuata. Na betri zilizoandikwa 9900mAh (kipimo cha chaji inayobeba) msinunue, 18650 ya kweli haifiki hata 5000, nimezijaribu zikakaa dakika ishirini zikazima.