Brashi ya Umeme ya Ng'ombe: Kifaa Ambacho Mnyama Hukiwasha Mwenyewe

Vifaa vingi vinavyouzwa kwa jina la ustawi wa mifugo hutengenezwa kwa ajili ya macho ya mfugaji: kola zinazohesabu muda wa kucheua, kamera zinazofuatilia mwendo, hereni za kielektroniki zinazomtambulisha mnyama anapopita kwenye mizani. Vyote vina manufaa, lakini ng'ombe mwenyewe hana habari navyo, na siku yake haibadiliki mpaka binadamu asome taarifa na kuchukua hatua. Brashi ya umeme, ambayo ng'ombe hujikunia mwili, ni kifaa cha namna nyingine, kwa kuwa anayeamua lini ifanye kazi, kwa muda gani na kwenye kiungo gani ni ng'ombe. Ndiyo maana naipa nafasi ya kwanza kati ya vyote ambavyo mwenye banda la ng'ombe wa maziwa anaweza kununua baada ya kukamilisha yaliyo ya lazima, yaani malisho, maji safi, hewa ya kutosha na mahali pakavu pa kulala.

Ninayoizungumzia hapa ni ile inayobembea. Ni mche duara wa nyuzi ngumu za nailoni, ulioning'inizwa kwa mkono wa chuma wenye bawaba, ukifungwa nguzoni au ukutani kwa kimo cha mgongo wa ng'ombe. Mnyama huingiza paji la uso chini ya nyuzi na kuinua kidogo. Mwinuko huo huwasha mota, na brashi huanza kuzunguka polepole huku ikimfuata anavyosogea. Kwa kawaida huanza na kichwa, akapitisha shingo na mabega, kisha akageuka mpaka shina la mkia lifike penye nyuzi. Ukimtazama kwa karibu utaona shingo imenyooshwa, macho yamefumba nusu na masikio yamelegea. Anapoondoka, mota hujizima baada ya sekunde chache. Kuna mambo mawili ya kiufundi yanayonipendeza: brashi hubadili upande wa mzunguko inapowashwa upya, ili nyuzi zisilale upande mmoja na kuchakaa mapema, na mota ikikutana na ukinzani mkubwa, mathalani singa za mkia zikijisokota, hujizima kabla haijamuumiza mnyama.

Wapo watakaoiita anasa, na hoja hiyo inastahili kujibiwa. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Brambell nchini Uingereza ilisema kwamba mnyama wa kufugwa anapaswa angalau kuweza kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha mwili na kunyoosha viungo vyake. Kujisafisha kumo katika orodha hiyo fupi kabisa. Ng'ombe aliye malishoni hujisugua kwenye miti, vichuguu na kingo za makorongo; akifungiwa katika banda la zege na mabomba, hubakiwa na ulimi wake tu, nao haufiki kichwani, shingoni wala kwenye shina la mkia. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba brashi ilipofungwa, ng'ombe waliongeza sana muda wa kujisugua, na viungo hivyo hivyo visivyofikika kwa ulimi ndivyo vilivyofaidika zaidi.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwangu ni wa mwaka 2018, kutoka Chuo Kikuu cha British Columbia. Watafiti waliwafundisha ng'ombe kusukuma lango lenye uzito ili wafike kwenye chakula kipya, au kwenye brashi, au kwenye nafasi ile ile isiyo na kitu, kisha wakawa wanaongeza uzito hatua kwa hatua. Ng'ombe walisukuma uzito mkubwa kwa ajili ya brashi sawa na walivyosukuma kwa ajili ya chakula kipya, na zaidi ya walivyosukuma kwa ajili ya nafasi tupu. Mnyama hawezi kujaza dodoso, lakini anaweza kuonyesha yuko tayari kutoa jasho kiasi gani kwa kitu fulani, na hilo ni jibu lililo wazi.

Faida ya pili huwa haitajwi na wauzaji, nayo ni ya thamani kubwa. Utafiti uliofanywa Israeli na kuchapishwa mwaka 2013 uligundua kwamba ng'ombe hupunguza kujisugua joto linapozidi, chakula kinapokuwa mbali na brashi, na baada ya kuhimilishwa, yaani kutiwa mbegu kwa mrija. Kula ni tabia ambayo mnyama huing'ang'ania hata anapokuwa katika hali ngumu, ilhali kujikuna ni miongoni mwa mambo anayoyaacha mapema. Kwa hiyo ng'ombe aliyekuwa mteja wa brashi kila siku, kisha ghafla akaipita bila kuigusa, anastahili kuchunguzwa kabla hajapoteza hamu ya kula. Hapa ndipo kasoro kubwa ya kifaa hiki ilipo: brashi nyingi hazirekodi ni nani aliyezitumia wala kwa muda gani, na taarifa yote hiyo hupotea.

Kasoro nyingine hutokana na ufungaji zaidi kuliko kifaa chenyewe. Brashi iliyowekwa kwenye kona isiyo na njia ya kutokea hugeuka mali ya ng'ombe wababe, na wale wanyonge, ambao huenda ndio wanaoihitaji zaidi, hawathubutu kuikaribia. Ikiwekwa jirani na birika la maji, anayejikuna huwazuia wenye kiu. Mahali panapofaa ni penye nafasi pana ya kupita pande zote, si mbali na kihori, kwa kuwa ng'ombe anayechechemea hatafunga safari ndefu kwa ajili ya kujikuna. Singa za mkia zipunguzwe, na nywele zilizonasa ziondolewe mara kwa mara. Mwenye chawa, upele au choa atibiwe kwanza. Brashi humtuliza muwasho lakini haiui wadudu, na inaweza kumpelekea jirani yake ugonjwa. Ndama wasiachiwe ile kubwa, kwani zipo ndogo zilizotengenezwa kwa ajili yao.

Asiye na umeme wa uhakika asikate tamaa. Brashi tuli, isiyo na mota, haifuati mwili wala haifiki kila mahali, hata hivyo ng'ombe huitumia, nayo ni afadhali mara nyingi kuliko ukuta wa zege. Mwenye kundi kubwa anunue ya umeme, tena afunge zaidi ya moja katika sehemu tofauti za banda, ili ubabe usiwe ndio unaoamua nani ajikune. Watengenezaji nao nawaomba waongeze kisomaji cha hereni za kielektroniki kwenye mkono wa brashi, kitakachomjulisha mfugaji jioni ni ng'ombe gani aliyezoea kuja hakuja siku hiyo.