Firefox, Chrome na Safari kwenye kazi ya kufuta vidakuzi

Kufagia vidakuzi vyote, yaani vipande vidogo vya data ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kivinjari chako ili kukukumbuka, hakuhitaji ustadi. Ctrl+Shift+Delete (kwenye Mac, Command badala ya Ctrl) hufungua dirisha la kufuta kwenye Firefox na Chrome. Shida huanza baada ya hapo: unatolewa kwenye kila akaunti, huduma zenye uthibitishaji wa hatua mbili zinadai msimbo upya, na vile vidirisha vya kukubali au kukataa vidakuzi vinarudi kila mahali, maana hata jibu lako la kukataa lilikuwa limehifadhiwa ndani ya kidakuzi. Kwa hiyo tumepima vivinjari hivi kwa jambo moja: je, vinakuwezesha kung'oa vidakuzi vya tovuti moja sugu bila kugusa vingine?

Hapa Firefox iko mbele. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, kisha kitufe cha kusimamia data ya tovuti. Jedwali linaonyesha jina la tovuti, idadi ya vidakuzi, nafasi vinayochukua na mara ya mwisho kutumika. Tafuta jina, chagua mstari, ondoa, kisha hifadhi mabadiliko. Wengi huishia kwenye kuondoa, wakafunga dirisha, na hakuna kilichofutwa. Ukibonyeza Shift+F9 ukiwa ndani ya tovuti, unaona kidakuzi kimoja kimoja: jina lake, thamani yake, tarehe ya kuisha muda. Hapo unaweza kufuta kimoja tu. Hii ni dawa hasa tovuti inapogoma kwa kosa namba 400 ikilalamika kwamba vidakuzi ni vikubwa mno. Kidakuzi kimoja huishia takriban KB 4, lakini tovuti inayovirundika hufanya ombi la ukurasa, ambalo hubeba vidakuzi hivyo, liwe kubwa kiasi kwamba seva inalikataa. Ukurasa unaozungushwa kutoka anwani moja hadi nyingine bila kufunguka nao mara nyingi hupona kwa njia hiyohiyo.

Isitoshe, tangu Juni 2022 Firefox ya kompyuta hutenga vidakuzi vya kila tovuti kwenye chungu chake, kwa hiyo mfuatiliaji wa matangazo hawezi kukutambua kutoka tovuti moja hadi nyingine kwa kidakuzi kilekile.

Chrome nayo ni imara, ila inataka uisimamie mwenyewe. Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaachana na vidakuzi vya washirika wengine (vile vinavyowekwa na kampuni nyingine, kama za matangazo, na si tovuti uliyoifungua), kisha mwaka 2024 ikabadili msimamo. Usipovizuia kwenye mipangilio, vitaendelea kuingia. Orodha ya tovuti zote iko kwenye anwani chrome://settings/content/all, na ni rahisi kutafuta ndani yake. Kinachotupendeza zaidi ni ukurasa wa chrome://settings/content/siteData: unaiagiza Chrome ifute kila kitu madirisha yote yanapofungwa, kisha unataja tovuti za kusazwa. Tanguliza [*.] kabla ya jina ili matawi yake yote, yaani anwani zinazoishia na jina hilo, yaingie.

Kosa kubwa katika orodha ya kusaza ni kuandika jina lisilo sahihi. Barua pepe inaweza kuwa kwenye anwani moja, na nywila ikaandikwa kwenye anwani nyingine kabisa. Tazama upau wa anwani wakati unaandika nywila. Jina lililopo hapo nalo lazima liwe kwenye orodha, la sivyo utaingia upya kila asubuhi.

Kosa lingine ni muda. Dirisha la kufuta huweza kufunguka likiwa limewekwa saa moja iliyopita, na kidakuzi cha mwezi uliopita kinabaki palepale. Chagua muda wote. Funga pia kichupo cha tovuti hiyo kwanza, maana kikiwa wazi huandika vidakuzi vipya papo hapo. Na kagua tiki ya manenosiri kabla ya kubonyeza! Hayo si vidakuzi, na kuyapoteza kunauma.

Safari ndiyo kali zaidi bila kuguswa: tangu Machi 2020 huzuia vidakuzi vyote vya washirika wengine. Lakini kwa usimamizi ni hafifu. Orodha yake, kwenye kichupo cha faragha, hutaja majina ya tovuti na kukupa kuondoa tovuti nzima au zote. Haina orodha ya kusaza wakati wa kufunga. Kwa anayeshiriki kompyuta ya nyumbani na wengine, huo ni upungufu wa kweli, na kwake tungependekeza Firefox, ambayo nayo ina orodha kama ile ya Chrome.