Mfumo wa eroponiki ya presha kubwa kwa mboga za nyumbani: upi ununue, upi uuache dukani

Kabla hujatazama pampu, tazama tangi. Najua watu hawanunui hivyo. Mtu akishaamua kulima letusi na rihani kwa eroponiki, swali lake la kwanza ni pampu ina presha kiasi gani, na muuzaji humjibu kwa furaha kwa kuwa hiyo ndiyo namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Mmea haujali namba hiyo. Unachopata ni kitone kilichoufikia mzizi, na ukubwa wa kitone hicho unategemea presha iliyomo kwenye bomba pale pale vali inapofunguka.

Kwa aliye mgeni: mizizi inaning'inia gizani ndani ya sanduku, bila udongo na bila kuzama majini, na kila baada ya dakika chache inapuliziwa ukungu wa maji yenye virutubisho. Katikati ya mipulizo inapumua. Frits Went ndiye aliyeupa mtindo huu jina mwaka 1957, baada ya kuotesha kahawa na nyanya mizizi ikiwa hewani. Tunaposema presha kubwa tuna maana ya ba 5.5 hadi 7, yaani psi 80 hadi 100 (ba na psi ni vipimo vya presha), kupitia nozeli, yaani kichwa cha kupulizia, yenye tundu la nusu milimita au dogo zaidi. Lengo ni vitone vya maikroni 50 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Vikiwa vinene mno, mzizi unavikwa maji na hewa inakosa pa kupita. Vikiwa vyembamba mno, chini ya maikroni 10, mzizi unaota manyoya meupe ya kupendeza huku majani yamedumaa.

Nafasi ya kwanza: unaounganisha mwenyewe, wenye tangi la presha

Hapa unanunua vipande: pampu ndogo ya diaframu ya volti 12 au 24 (ni aina ileile inayosukuma maji kwenye mashine za kuchuja maji ya kunywa), swichi ya presha, tangi lenye mfuko wa mpira ndani, vali ya umeme, taima na nozeli. Pampu inajaza tangi mpaka ba 7, swichi inaizima. Taima inafungua vali kwa sekunde 3, ukungu mwembamba unatoka papo hapo, vali inafunga. Wakati wote huo pampu imelala.

Ukubwa wa tangi ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo tupige hesabu. Nozeli ya kawaida ya ukungu hutoa karibu mililita 1 kwa sekunde. Chukua nozeli 6, sekunde 3 kila baada ya dakika 4: hizo ni mililita 18 kwa mpulizo, mipulizo 15 kwa saa, jumla mililita 270 kwa saa. Sasa, tangi lililoandikwa lita 20 halikupi lita 20, maana sehemu kubwa ya tumbo lake ni hewa iliyobanwa. Presha ikishuka kutoka ba 7 hadi 5.5, utapata lita 3 na nusu hivi, kisha pampu inaamka. Lakini hizo zinatosha saa 12 na ushei. Pampu inawaka mara mbili tu kwa siku! Tangi la lita 4 kwa hesabu hiyohiyo linakupa saa 2 na nusu. Kijitangi cha lita 1, ambacho wengine huuziwa kwa jina hilohilo la tangi la presha, hakifikishi hata saa moja.

Faida ya pili utaiona umeme ukikatika. Mizizi iliyo hewani haina akiba. Chumba kikiwa na joto, saa moja au mbili bila ukungu zinatosha kuilegeza. Ukiiwekea vali na taima betri ya volti 12, tangi linaendelea kulisha mimea pampu ikiwa imekufa kabisa. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuuweka mfumo huu juu ya mingine yote.

Unapolichagua, soma kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tangi. Lililoandikwa ba 7 liache, kwa sababu utalifanyisha kazi mpakani kila siku. Chukua la ba 10. Hewa ya ndani huipimi tangi likiwa na maji. Limwage kwanza, kisha jaza hewa kwa pampu ya baiskeli mpaka ifike chini kidogo ya ile presha inayoiwasha pampu. Na taima iwe ya kuhesabu sekunde. Zile za ukutani ambazo hatua yake fupi ni dakika 15 hazina kazi hapa, hata ukipewa bure.

Ubaya wake? Ni viungio. Kila kiungio ni mahali pa kuvuja, na utautumia mwisho wa wiki mzima ukiwa na utepe wa bomba vidoleni.

Nafasi ya pili: seti iliyokamilika, yenye tangi

Ni kitu kilekile, ila umemlipa mtu mwingine auhangaikie utepe. Nunua kama huna subira na fedha si tatizo. Uliza mambo mawili tu: tangi ni la lita ngapi, na je, nozeli zina uzi wa kawaida ili zikiziba upate nyingine popote? Muuzaji akianza kuzunguka kwenye swali la kwanza, basi tangi halimo.

Nafasi ya tatu: pampu moja kwa moja, bila tangi

Hapa pampu inawaka kila mpulizo. Kwa ratiba ile ya dakika 4 ni mara 360 kwa siku, na kila mara sekunde za mwanzo zinatoa matone manene kwa sababu presha bado inapanda. Ndiyo maana mifumo hii hurefushiwa mpulizo hadi sekunde 10 au zaidi, na mizizi inaishia kuloa kupita kiasi. Isitoshe, ile ngurumo ya usiku. (Presha ninayoizungumzia ni ya pampu, lakini ukiiweka karibu na chumba cha kulala itahamia kwako.)

Hata hivyo siudharau. Kwa mwenye mfuko mwembamba ni mwanzo wa halali, mradi anunue pampu ya kweli inayofika ba 7, ili tangi na vali viongezwe baadaye bila kutupa kitu.

Nafasi ya nne: hewa iliyobanwa na maji kwa pamoja

Kompresa inapasua maji ndani ya nozeli. Vitone ni vizuri kabisa, na matundu yake ni makubwa kiasi kwamba hayazibi ovyo. Kiufundi pengine ungestahili nafasi ya juu. Lakini kompresa inakula umeme na inapiga kelele, kwa hiyo unamfaa mwenye banda mbali na nyumba, au mwenye majirani viziwi.

Nafasi ya tano: minara na ndoo za presha ndogo

Pampu ya kuzamisha majini inarusha matone, si ukungu. Letusi inaota vizuri humo, tena bila usumbufu mwingi. Kosa liko kwenye tangazo tu: wanakuuzia haidroponiki (kilimo cha maji bila udongo) ya kurushia maji kwa bei na jina la eroponiki.

Wa kuuacha: visahani vya mtetemo

Vile vinavyotoa moshi baridi kwenye bakuli. Vinapasha maji joto, vinaziba kwa chumvi ya mbolea, na vitone vyake ni vile vya chini ya maikroni 10. Kwa kuotesha vipandikizi, sawa. Kwa kulisha mmea mpaka uvunwe, hapana.

Vidogo vinavyoua mfumo mkubwa

Chujio la maikroni 100 kabla ya pampu, na jingine kabla ya nozeli. Nozeli ziwe na kizuia matone, la sivyo bomba litaendelea kudondosha maji vali ikishafunga. Nunua za akiba nusu ya ulizofunga. Vali na viungio viwe vya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Shaba ya njano huliwa polepole na maji ya virutubisho na kuyaachia madini usiyoyataka. Vali ifungwe karibu na nozeli kadiri inavyowezekana. Mbolea za maji za asili, zile zenye mashapo, ziachie udongo.

Weka pia fungu la kipima pH, yaani uchachu wa maji (lenga 5.5 hadi 6.5), na kipimajoto cha maji. Kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi uko salama. Maji yakipata joto zaidi yanashika oksijeni kidogo na kuoza kwa mizizi kunakuwa jambo la muda tu. Nilipoteza sanduku zima la spinachi kwa sababu hiyo, na pampu ilikuwa nzima, geji inasoma ba 7, kila kitu kinafanya kazi.

Vikishafika vyote, endesha mfumo siku mbili kwa maji matupu. Usiku wa mwisho jaza tangi, zima pampu, zima taima, andika namba ya geji kwenye karatasi. Asubuhi isome tena. Ikiwa imeshuka, futa kila kiungio kwa karatasi kavu utafute unyevu. Usipouona, shuku vali ya umeme, au ile ya ndani ya pampu inayozuia maji yasirudi nyuma.