Tathmini ya huduma ya kuchambua namba nzima, kwa kuipima na 4,294,967,297

Huduma ninayoitathmini hapa hutumika bila malipo kwenye intaneti na ina kazi moja tu: unaandika namba nzima yoyote, nayo inakupa ukurasa wenye sifa zake za kihisabati. Niliipa 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, kwa sababu namba hiyo huumbua haraka programu iliyotengenezwa kizembe. Programu inayohifadhi namba kwa biti 32 huisoma kuwa 1, na ile inayotegemea peke yake jaribio la mwanahisabati Fermat kwa msingi wa 2 (kukagua kama 2 kwa kipeo cha namba hiyo, ikigawanywa kwa namba hiyo, huacha baki ya 2) huitangaza kuwa namba tasa, ilhali sivyo.

Huduma hii iliiruka mitego yote miwili. Papo hapo ilitoa 641 × 6,700,417, ikataja vigawo vyote vinne pamoja na jumla yake, 4,301,668,356, bila kosa lolote. Kwa mwanafunzi anayetaka kuhakiki kazi yake, naipendekeza bila kusita.

Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya miraba. Huduma inaonyesha kwamba namba hii ni 65,536² + 1², jambo ambalo wengi wangeliona wenyewe, lakini pia ni 62,264² + 20,449². Kwa kuwa hakuna namba tasa inayoweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa zaidi ya njia moja, mstari huo pekee unathibitisha kwamba hii si tasa, hata kabla hujajua kigawo chake kimoja. Ni uthibitisho mzuri mno, nao umefichwa chini kabisa bila neno la maelezo, huku jumla ya tarakimu, 59, ikipewa nafasi ya juu kwa herufi nene, ingawa sifa hiyo inatokana tu na desturi yetu ya kuandika kwa kizio cha kumi.

Pengo kubwa ni sababu. Fermat aliamini kwamba namba za aina hii, yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kuzidisha kipeo mara mbili, ukiongeza 1, zote ni tasa, kama zilivyo 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inayofuata inagawanyika kwa 641. Yeye ndiye pia aliyethibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii huacha baki ya 1 kikigawanywa kwa 64, hivyo anayekokotoa kwa mkono hujaribu 193, 257, 449 na 577 tu kabla ya kufika kwenye jibu. Ukurasa hausemi lolote kuhusu hilo.

Vilevile, ukiandika 4,294,967,295 unapewa 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, lakini hakuna kiungo kinachokuonyesha kwamba zao la namba hizo tano, likiongezwa 2, ndilo namba ya sita, yaani 4,294,967,297. Nimewaandikia watengenezaji nikiomba kiungo hicho kiwekwe.